Mwenye shida nyingi ndiye anaombwa karatasi nyingi: jibu kwa dada wa Simanjiro

Swali: "Shikamoo. Mimi ni dada wa kazi hapa Arusha ila kwetu ni Simanjiro. Mdogo wangu wa kike anafanya mtihani wa fomu siksi mwezi wa tano, anasoma HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) shule ya serikali. Fomu foo alipata division two, alisoma shule binafsi kwa sababu kuna mfadhili alimlipia. Baba alifariki 2013 hukohuko bomani, cheti cha kifo hatukuwahi kuchukua. Mdogo wangu hana cheti cha kuzaliwa, ana kadi ya ubatizo tu. Mama hajui kusoma. Jamaa wa stesheneri kaniambia bila hivyo vyeti mkopo asahau, na bila mkopo chuo hakuna, mimi mshahara wangu ni laki moja tu. Baba mdogo naye anasema shule imetosha, kuna mtu ameshaleta maneno ya ndoa. Njia ipo kweli au chuo ni cha watoto wa wenye nazo?"

Marahaba dada yangu. Njia ipo, na nimefurahi sana umeuliza saa hizi kabla ya mtihani, manake nimekaa dawati la udahili na mikopo muda mrefu na watoto ninaowaona wanakwama siyo wenye akili ndogo, ni wale ambao ndugu zao wanaanza kuhangaika matokeo yameshatoka, dirisha la mkopo limebaki siku chache na RITA, ofisi ya serikali ya usajili wa vizazi na vifo, hawajakanyaga. Wewe una wiki kadhaa mbele yako na hizo wiki ni mali kuliko hela.

Jamaa wa stesheneri yuko sawa nusu. Vyeti ni lazima. Ila vyeti vinapatikana, hata vya mtu aliyefariki 2013 porini, na hapo ndipo alipokosea.

Kabla sijaingia kwenye karatasi naomba niseme kitu kinachoniuma. Mtoto ambaye baba na mama wana ajira Bodi ya Mikopo wala haihitaji, baba analipa ada benki anaenda chuo. Yatima anatakiwa alete cheti cha kifo, mwenye ulemavu alete fomu iliyothibitishwa na daktari, aliyesomeshwa na mfadhili alete barua ya mfadhili, aliyetoka kaya maskini inayosaidiwa na TASAF alete namba ya kaya, na kila karatasi hapo ina ofisi yake, nauli yake, foleni yake na afisa wake anayesema njoo kesho. Sababu naijua, hela ni ya umma na lazima kuwe na kinga mtu asijaze baba amefariki kumbe baba yuko ofisini. Naielewa kabisa. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu mwenye shida nyingi ndiye anaombwa ushahidi mwingi, na huyohuyo ndiye ofisi ziko mbali naye. Kwahiyo mdogo wako akija kukosa usije ukakubali mtu akwambie hakuwa na akili ya chuo.

Haya, cheti cha kuzaliwa. Hicho ndicho cha kwanza kwa sababu bila hicho hata fomu haiendi. Watoto wa umri wake wengi sana hawana, utaratibu wa kuwasajili watoto chini ya miaka mitano bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata umeanza kusambaa mikoani kuanzia 2013, yeye alikuwa ameshapita huo umri. Anasajiliwa kama mtu mzima aliyechelewa. Unaanza kwa mtendaji wa kijiji alikozaliwa akupe barua, unachukua kadi ya ubatizo, cheti chake cha kumaliza la saba, cheti cha fomu foo, na kitambulisho cha mama kama kipo iwe cha NIDA au cha mpiga kura, unapeleka ofisi ya usajili ya wilaya ambayo kwenu iko Orkesumet kwa mkuu wa wilaya, manake msajili wa vizazi na vifo wilayani ni Katibu Tawala wa Wilaya yule mnayemwita DAS. Sikuhizi maombi yanaanzia mtandaoni kwenye sistimu ya RITA ila bado utahitaji hizo barua za kijijini, na kwa hali ya kwenu mi nakushauri mtu aende kwa miguu yake.

Hapo kuna mtego mkubwa ambao umeangusha watoto wengi wa wafugaji niliowahi kuwaona: JINA. Kwenye ubatizo kaandikwa jina la dini na jina la baba, shuleni mwalimu wa darasa la kwanza kaandika alivyosikia, fomu foo herufi moja imebadilika, na ukoo umeongezwa au umeachwa. Sistimu ya Bodi inamtambua mwombaji kwa namba yake ya mtihani wa fomu foo, inavuta jina kutoka NECTA, yaani Baraza la Mitihani, halafu inalinganisha na cheti cha kuzaliwa. Kwahiyo kabla hujachukua cheti cha kuzaliwa chukua kile cha fomu foo, hakikisha RITA wanaandika majina yaleyale, herufi kwa herufi, mpangilio uleule. Ukishapewa cheti kisome hapohapo dirishani kabla hujatoka. Kama tofauti itakuwa imeshatokea basi kuna kiapo cha mahakamani au kwa wakili, au hati ya kubadili jina, lakini hiyo ni hela na siku nyingine ambazo huna.

Cheti cha kifo cha baba. Hiki watu wengi wanakiacha wanasema ah tutajaza tu kwamba amefariki. Usifanye hivyo. Ukijaza baba amefariki bila cheti ile taarifa haihesabiki, na ukijaza yupo hai utaulizwa anafanya kazi gani na kipato chake, utakuwa umesema uongo kwenye fomu ya kiapo na mtoto anapoteza haki yake ya kuhesabiwa ana mzazi mmoja, jambo ambalo lina uzito kwenye kupanga nani apewe na apewe kiasi gani. Kifo cha nyumbani kinasajiliwa hata kama miaka imepita. Mtendaji wa kijiji na wa kata wanathibitisha kwa barua kwamba fulani aliishi hapa, alifariki tarehe fulani, akazikwa hapa, na wazee waliokuwepo kwenye mazishi wawe tayari kusema, ofisi ya wilaya inaweza kutaka kiapo cha ndugu wa karibu, mama yenu au wewe mwenyewe mnatosha. Kuna ada na kuna ada ya kuchelewa, uliza kiasi na udai risiti ya serikali yenye kontrolo namba, ile namba ya malipo ya serikali. Mtu akikwambia hela ya chini chini ili iende haraka, mwombe tu hiyo kontrolo namba na uone atakavyobadilika.

Fanya vyote viwili safari moja! Kijijini chukua barua zote siku moja, Orkesumet peleka vyote siku moja. Nauli ya Simanjiro naijua ilivyo.

Ukishavipata bado kuna hatua ambayo watu wanaisahau, uhakiki. Bodi haitaki kopi ya cheti tu, inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, unatuma picha ya cheti kwenye mtandao wao unalipia kiasi kidogo unasubiri wakurudishie namba ya uhakiki, na hiyo namba ndiyo inajazwa kwenye fomu ya mkopo. Msimu ukiwa umepamba moto, mwezi wa saba na wa nane, uhakiki unaweza kuchukua siku nyingi kwa sababu nchi nzima iko pale. Mwezi wa nne na wa tano hakuna foleni.

Sasa barua ya mfadhili, na hapa tafadhali soma polepole, kwa sababu wewe umeitaja kama kitu kizuri kilichomtokea mdogo wako, na ni kizuri kweli, lakini kwenye fomu inaweza kumgeuka. Bodi ikiona mtoto alisoma shule binafsi ya kulipia inachukulia kwamba nyumbani kuna uwezo. Haijui habari ya mfadhili mpaka uithibitishe. Nimeona watoto wa boma kabisa, mama anauza maziwa, wanapangiwa kiasi kidogo au wanakosa kwa sababu fomu foo walisoma shule ya masista kwa hela ya mtu wa nje na hakuna aliyewaambia waambatanishe barua. Nendeni kwenye ile shule, mwombeni mkuu wa shule au taasisi iliyokuwa inaratibu ufadhili waandike barua inayosema nani alilipa, kuanzia kidato gani hadi kipi, ada ya mwaka ilikuwa kiasi gani, iwe na mhuri na namba ya simu. Mfadhili mwenyewe akipatikana naye aandike, ila kama hapatikani hiyo ya shule au taasisi ndiyo itakayombeba, msiikose.

Na TASAF. Hujasema kama mama yuko kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini. Kama yumo, namba ya kaya ni dhahabu kwenye hiyo fomu, ichukueni kwa mratibu pale kijijini. Kama hayumo, basi, tuendelee.

Mdhamini siyo lazima awe tajiri, na siyo lazima awe mama. Anatakiwa mtu mzima mwenye kitambulisho na picha ya pasipoti, wewe mwenyewe unaweza. Fomu inapitishwa kwa serikali ya kijiji au mtaa, halafu kwa kamishna wa viapo, yaani hakimu au wakili. Nenda kwa hakimu mahakama ya mwanzo, kwa kawaida ni nafuu kuliko wakili wa mjini.

Halafu huyo jamaa wa stesheneri. Sina ugomvi naye, wengi wanasaidia watu kweli na bila wao vijijini hakuna ambaye angeomba chuo. Ila msimwachie kila kitu. Kinachotokea ni hivi, jamaa anawaombea wanafunzi arobaini kwa siku moja, anatumia imeili yake na namba yake ya simu na pasiwedi moja kwa wote, afu mwezi wa tisa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanatuma kodi, yaani namba ya siri, ya kuthibitisha chuo, kodi inaingia kwenye simu ya jamaa, jamaa kahama au kabadili laini, mtoto kachaguliwa vyuo viwili na hajathibitisha popote, nafasi inaondoka. Mfungulie mdogo wako imeili yake leo, iandikwe kwenye daftari na pasiwedi yake. Namba ya simu itumike yako wewe kwa sababu yeye anaweza kuwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa.

Ndiyo, JKT. Vijana wanaomaliza fomu siksi wanaitwa mafunzo ya mujibu wa sheria, yalirudishwa 2013, na yanaangukia kipindi kilekile. Mtihani mwezi wa tano, dirisha la mkopo miaka ya karibuni limekuwa linafunguliwa mwezi wa sita na kufungwa mwisho wa mwezi wa nane, matokeo mwezi wa saba, maombi ya vyuo yanaanza mwezi wa saba hiyohiyo, na mtoto yuko kambini simu hana. Mwenye kaka mhasibu mjini anafanyiwa kila kitu, asiye na mtu anarudi anakuta milango imefungwa. Kwa mdogo wako huyo mtu wa mjini ni wewe. Uzuri ni kwamba maombi ya mkopo hayasubiri matokeo wala kuchaguliwa chuo, yakifunguliwa tu mjaze, na kama ataondoka kabla hayajafunguliwa akuachie kila karatasi, skani zote kwenye simu yako, picha zake, na sahihi mzipangie utaratibu siku atakayopata ruhusa au kurudi.

Kuhusu kozi sitasema mengi manake matokeo bado. Kigezo cha chini cha digrii ni prinsipo mbili (masomo mawili aliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, kwahiyo hata D mbili zinamfikisha mlangoni, ila kila kozi ina masharti yake juu ya hayo na yote yamo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU unaopakuliwa bure. HKL inampeleka ualimu, sheria, lugha, uandishi wa habari, maendeleo ya jamii na mengine mengi. Kwanini nasema hivi, kwa sababu mtoto ambaye kwao hakuna aliyefika chuo anazijua kozi mbili tatu tu alizosikia kwa walimu wake, anajaza hizohizo vyuo vitatu vyenye ushindani mkali, anakosa vyote. Achanganye, chuo kimoja cha ndoto na vingine ambavyo alama zake zinatosha bila wasiwasi. Tangu 2017 maombi yanaenda chuo moja kwa moja na kila chuo kina ada yake ya maombi, weka akiba kama elfu kumi kwa kila kimoja.

Akiteleza mtihani siyo mwisho. Akiwa na sifa za diploma aanzie hapo na akifikisha GPA ya 3.0 anaomba digrii, na tangu 2023/24 Bodi inatoa mkopo hata kwa baadhi ya diploma za vipaumbele, afya na ualimu wa sayansi zikiwemo. Chuo Kikuu Huria nao wana programu ya msingi kwa waliopungukiwa pointi.

Hela sasa, kwa sababu hata akipata mkopo kuna shimo katikati ambalo hakuna anayekuonyesha. Ada ya kozi za sanaa na ualimu vyuo vingi vya serikali ni kuanzia milioni moja hadi milioni moja na nusu hivi kwa mwaka. Mkopo unagusa ada, chakula na malazi, vitabu na mafunzo kwa vitendo, chakula na malazi ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Lakini siyo kila mtu anapewa asilimia mia ya ada, na bumu, yaani hela ya kujikimu, haliingii siku ya kuripoti, linaingia baada ya kusajiliwa na kusaini. Siku ya kwanza anatakiwa awe na nauli, godoro, bima ya afya ambayo kwa miaka mingi imekuwa 50,400, ada ya TCU 20,000, na chakula cha wiki kadhaa. Najua kwa laki moja kwa mwezi hayo ni mazito, lakini ukiwa na miezi mitano sita mbele unaweza kuuza mbuzi mmoja wawili kwa bei nzuri badala ya kuuza kwa haraka mwezi wa kumi kwa bei ya kutupa, na kanisa lililombatiza liulizeni, na ile taasisi ya ufadhili iulizeni, siyo ada ya miaka mitatu, ombeni hiyo laki tatu nne ya kuingilia. Ombi dogo lenye hesabu iliyoandikwa vizuri linajibiwa mara nyingi kuliko ombi la "tusaidieni".

Deni lisikutishe sana. Akija kuajiriwa mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe, na ile tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 iliyokuwa inafanya deni livimbe kila mwaka ilifutwa 2021.

Nije kwa baba mdogo. Hili naliandika kwa uzito wote. Tangu 2016 sheria ya elimu inamfunga miaka 30 mtu anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, na wengi kwenye familia zetu wanaijua hiyo na kuiogopa. Lakini siku mtoto anapoweka kalamu chini kwenye mtihani wa mwisho wa fomu siksi ile kinga inaweza isimhusu tena, na miezi ya kusubiri, kuanzia wa sita hadi wa kumi, ndiyo maneno ya ndoa yanapochemka. Mdogo wako ni mtu mzima na sheria ya ndoa ya 1971 inasema wazi ndoa ni hiari ya wote wawili. Akisema hapana ni hapana, na akilazimishwa kuna dawati la jinsia polisi na kuna afisa ustawi wa jamii wilayani. Ila mimi singependa uanzie polisi. Anza na mama, mama akiwa upande wenu nusu ya kazi imeisha, kisha tafuta mzee mmoja anayeheshimika kwenye rika la marehemu baba, au mchungaji, au mwalimu wa pale kijijini aliye mtoto wa Kimaasai, aende akakae na baba mdogo. Na msikilizeni pia. Mara nyingi nyuma ya "shule imetosha" kuna hofu ya hela, anaogopa ataambiwa auze ng'ombe. Mkimwonyesha mpango, kwamba mkopo unaombwa hivi, kiingilio kinatoka huku, yeye hadaiwi kitu ila baraka zake, wengi wanalegea. Kama unaona kabisa hatalegea basi mdogo wako akitoka shule au JKT ashukie kwako Arusha, siyo bomani, mpaka barua ya chuo itoke.

Mgao wa mkopo ukitoka hutoka kwa awamu, ya kwanza ikipita bila jina lake msilie, subirini ya pili na ya tatu, muwe mnaangalia kwenye akaunti yake ileile ya mkopo. Akipata kidogo au akikosa kuna dirisha la rufaa, na rufaa inabebwa na karatasi siyo na machozi, ambatanisha kile ambacho mwanzo hakikuwepo, barua ya mfadhili, cheti cha kifo, namba ya kaya. Mtu akikupigia kusema ana koneksheni Bodi tuma laki mbili, kata simu. Na hata ikishindikana mwaka huu kabisa, Bodi hupokea waliomaliza fomu siksi ndani ya miaka mitano na wasiozidi miaka 35, kwahiyo mwakani anaomba tena vyeti vikiwa tayari vimehakikiwa, na akifanikiwa kuingia chuo bila mkopo anaweza kuomba akiwa mwaka wa pili.

Kwahiyo wiki hii piga simu kwa mtendaji wa kijiji, muulize siku gani yupo ofisini, umwambie unataka barua mbili, ya kuzaliwa na ya kifo. Pale Orkesumet wakikukatalia, waulize wanakataa kwa kipengele gani na wakuandikie, kisha niandikie hapa walichosema, manake majibu mengi ya "haiwezekani" yanayotolewa kwa mdomo ukiomba yaandikwe yanabadilika kuwa "lete na hiki".